Alama za Kiingereza, sentensi za Kiswahili

Mwaka 2006 tume inayosimamia mawasiliano nchini Kanada iliamua kesi iliyosimama juu ya mkato mmoja. Kampuni ya Rogers ilikuwa na mkataba na Bell Aliant wa kupitisha nyaya zake kwenye nguzo, na Aliant ikataka kuuvunja mapema ili bei ipande. Kifungu kilichobishaniwa kilisema takriban hivi: mkataba utadumu miaka mitano tangu kutiwa saini, na baada ya hapo vipindi vya miaka mitano mitano, isipokuwa upande mmoja utoe notisi ya mwaka mmoja. Rogers iliamini kwamba notisi inahusu vile vipindi vya baadaye tu, na kwamba miaka mitano ya mwanzo haiguswi. Tume ikautazama mkato ulio kabla ya "isipokuwa" na kusema kwamba kwa kanuni za Kiingereza mkato huo unayatenga maneno ya katikati, kwa hiyo sharti la notisi linarudi mpaka mwanzo wa sentensi. Mkataba ungeweza kuvunjwa wakati wowote kwa notisi ya mwaka mmoja. Magazeti yalitaja hasara ya kiasi cha dola milioni 2 za Kanada.

Kisa hiki hupenda kuishia hapo, na anayekisimulia hukunja uso na kutuonya tuwe makini na mikato. Lakini kina nusu ya pili. Mwaka uliofuata Rogers ilirudi mbele ya tume ikiwa na matini ya Kifaransa, maana mkataba wa mfano uliokuwa umeidhinishwa ulikuwapo kwa lugha zote mbili. Katika Kifaransa sentensi ile ilikuwa na maana moja tu, nayo ni ile ya Rogers. Tume ikageuza tafsiri yake.

Mimi hii nusu ya pili ndiyo inayonishughulisha. Kusudi lilikuwa lile lile na wahusika wale wale, ila lugha moja ilibebesha mkato mzigo wote wa maana na nyingine ikaugawa mzigo huo kwenye maneno. Tunaoandika Kiswahili tumerithi alama za Kiingereza zote, kuanzia nukta hadi ritifaa, na pamoja nazo tumerithi imani kwamba kanuni zake ni za dunia nzima. Ukweli ni kwamba kanuni zile ziliundwa kuzuia ajali za sentensi ya Kiingereza. Sentensi yetu ina ajali zake, na nyingi haziko mahali ambapo Kiingereza kimetufundisha kuchungulia.

Hapo mwanzo alama hazikuwa na habari na sarufi. Aristofane wa Bizanti, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, aliweka nukta za vimo vitatu, juu, katikati na chini ya mstari, zimwonyeshe msomaji atue kidogo, zaidi au kabisa. Zilikuwa alama za pumzi. Wagiriki na Warumi waliandika maneno yameshikana bila nafasi, na kusoma kulikuwa kusoma kwa sauti. Nafasi baina ya maneno ilishika mizizi kwa watawa wa Ireland katika karne ya 7 na ya 8, na sababu yake ni nzuri: Kilatini hakikuwa lugha yao ya nyumbani, kwa hiyo hawakuweza kukisia neno linakoishia kama alivyokisia Mrumi. Nafasi, hiyo tunayoibonyeza kwa kidole gumba bila kuwaza, ni msaada waliojitengenezea watu waliokuwa wakihangaika na lugha ya wengine.

Mashine ya kuchapa ndiyo iliyogandisha mambo. Nuktamkato ilichapwa kwa mara ya kwanza Venice mwaka 1496, katika karakana ya Aldus Manutius, na mkwaju (/) uliokuwa ukitumika kama kituo kifupi ukasinyaa na kushuka chini ya mstari hadi ukawa mkato tunaoujua. Hata hivyo pumzi haikuachia kiti haraka. Lindley Murray, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza kilitoka mwaka 1795 na kutumika kwa miongo mingi shuleni, aliwafundisha watoto kwamba nuktamkato ni kituo kirefu mara mbili ya mkato, nukta pacha mara mbili ya nuktamkato, na nukta mara mbili ya nukta pacha. Ni hesabu ya muziki hiyo. Kusoma kimyakimya kulipokuwa jambo la kawaida, Kiingereza kiliondoa mkato kwenye mapafu na kuupeleka kwenye mchoro wa sentensi, lakini hakikumaliza kuuhamisha. Ndiyo maana wahariri wawili wa Kiingereza, wote hodari, wanaweza kugombana siku nzima juu ya mkato mmoja: mmoja anasikiliza, mwingine anapima.

Msomaji wa Kiswahili aliyepitia chuo cha Kurani hahitaji kwenda Alexandria kuona alama za pumzi. Msahafu umejaa alama za wakfu, yaani za kutua, zilizoandikwa juu ya mstari: mimu ndogo ya "simama lazima", lamu-alifu ya "usisimame", jimu ya "hiari yako". Ya kupendeza kuliko zote ni nukta tatu zinazokuja kwa jozi. Katika aya ya pili ya Suratul Baqara jozi hiyo imelizunguka neno "fihi", ndani yake. Msomaji anaruhusiwa kutua kwenye kundi la kwanza au la pili, lakini asitue pote pawili. Akitua la pili, anasema kitabu hiki hakina shaka ndani yake, ni uongofu. Akitua la kwanza, anasema kitabu hiki hakina shaka, ndani yake mna uongofu. Alama moja inalinda masomo mawili halali kwa wakati mmoja, na inamtaka msomaji achague. Kiingereza hakina kitu kama hicho. Mkato wake hulazimishwa kuchagua maana moja, na usipochagua, watu wanakwenda mahakamani.

Tuingie sasa kwenye sentensi zetu. Kiingereza kina kanuni maarufu ya kishazi rejeshi: ukikizungushia mikato, kinatoa maelezo ya ziada tu, ukikiacha bila mikato, kinachagua ni yupi hasa anayesemwa. Walimu wengi na wahariri wengi wameihamishia Kiswahili kama ilivyo. Chukua tangazo hili:

Abiria ambao hawana tiketi washuke.

Halafu liandike hivi:

Abiria, ambao hawana tiketi, washuke.

Kwa kanuni ya Kiingereza, tangazo la pili linawateremsha abiria wote, kwa kuwa linadai wote hawana tiketi. Kwa msomaji wa Kiswahili halina nguvu hiyo hata kidogo. Abiria mwenye tiketi mkononi akilisoma hatainuka, ataona mwandishi ana mazoea ya kutia mkato kabla ya "ambao", na mazoea hayo yameenea kweli. Ukitumia urejeshi wa ndani ya kitenzi, jambo linakuwa baya zaidi: "Abiria, wasio na tiketi, washuke" inasomeka kama mtu aliyekwama pumzi, kwa sababu "wasio" limeshikamana na nomino yake na halipendi kutenganishwa nayo.

Wajerumani wanaishi na hali hii bila wasiwasi. Kijerumani kinalazimisha mkato mbele ya kila kishazi rejeshi, kiwe cha kuchagua au cha nyongeza, kwa hiyo mkato wenyewe hauwezi kutofautisha chochote. Anayetaka kutofautisha huongeza neno la kuonyesha. Sisi nasi tunalo, na tulikuwa nalo kabla ya mkato kufika: "wale abiria ambao hawana tiketi washuke" kwa wachache, "abiria wote washuke, maana hawana tiketi" kwa wote. Mhariri anayesahihisha mkato kabla ya "ambao" akidhani ameokoa maana anajisumbua. Akiongeza "wale", ameiokoa kweli.

Kanuni nyingine ya Kiingereza inakataza mkato baina ya kiima na kitenzi chake, na wasahihishaji huikazia macho kuliko zote. Fungua gazeti lolote la Kiswahili utakuta: "Mwenyekiti wa kamati iliyoteuliwa kuchunguza ajali ya mwezi uliopita, amejiuzulu." Kwa Kiingereza ni kosa la wazi. Kwa Kiswahili siko tayari kuliita kosa. Kitenzi cha Kiingereza kikiachwa peke yake hakisimami, kinamhitaji mtendaji wake ubavuni. "Amejiuzulu" ni sentensi kamili, mtendaji yumo ndani tayari. Kirai kirefu kinachotangulia kinafanya kazi ya kutaja tunamzungumzia nani, halafu sentensi inaanza na kuisha kwa neno moja. Mkato hapo unaonyesha mpaka uliopo kweli, na sikio linausikia. Ningeukataa kwenye kiima kifupi ("Mwenyekiti, amejiuzulu" ni kigugumizi), lakini kwenye kirefu nauacha, na wala simwonei haya mwalimu wangu wa Kiingereza.

Kuhusu mkato wa kabla ya "na" katika orodha, Kiingereza kina vita vya kudumu, na vita hivyo vimewahi kulipwa fedha taslimu. Sheria ya jimbo la Maine, Marekani, ilitaja kazi zisizolipwa malipo ya saa za ziada, orodha ikaishia na "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza" bila mkato kabla ya "au". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walisema wao husambaza, hawafungashi, kwa hiyo sheria haiwagusi. Mahakama ya rufani mwaka 2017 iliona sentensi ina utata na ikawaunga mkono, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Watunga sheria walipoandika upya walitia nuktamkato baada ya kila kazi, na juu ya hayo wakabadilisha umbo la neno "kusambaza" lifanane na majirani zake. Yaani hawakuiamini alama peke yake.

Sisi vita hivyo havituhusu sana, kwa kuwa "na" yetu ina matatizo ambayo hakuna mkato utakaoyatibu. "Alipigwa picha na dada yake, mwalimu na daktari." Nani aliyeshika kamera? Dada ndiye mwalimu, au mwalimu ni mtu mwingine? Walisimama pamoja au alipigwa nao? "Na" ya kutenda, "na" ya pamoja na "na" ya kuunganisha zimevaa sare moja. Tia mkato kabla ya "na" ya mwisho, utata unabaki pale pale. Rudia "na" kila mara, angalau idadi ya watu itajulikana. Andika "walipiga picha pamoja", tatizo limekwisha. Kumkabidhi mwanafunzi wa Kiswahili ugomvi wa Waingereza na Wamarekani juu ya mkato huu ni kumpa dawa ya maradhi ambayo hana.

Mahali alama inapobeba uzito mkubwa kwetu kuliko kwa Mwingereza ni kwenye kiulizo. Mwingereza akiuliza hupindua mpangilio wa maneno au huleta kitenzi kisaidizi mbele, na kwa hiyo kiulizo chake mara nyingi kinathibitisha kilichokwisha kujulikana. Kiswahili hakipindui kitu. "Umefika." ni habari, "Umefika?" ni swali, na tofauti yote imo kwenye ile alama ya mwisho, kwa kuwa karatasi haina kiimbo. Kwa neno moja hakuna shida. Kwa sentensi ya mistari mitatu msomaji anasoma habari mpaka mwisho, anakutana na kiulizo, analazimika kurudi kuisoma upya kwa sauti nyingine.

Wahispania walikuwa na shida hii hii, na mwaka 1754 Chuo cha Kifalme cha lugha kikaagiza kiulizo kingine, kilichopinduliwa kichwa chini, kiwekwe pale swali linapoanza. Waarmenia huweka alama yao ndani ya sentensi, juu ya lile neno linaloulizwa. Wagiriki hutumia alama yenye sura ya nuktamkato yetu, jambo ambalo humfanya mgeni aone sentensi zao zote za kuuliza kama hazijaisha. Sisi hatukuhitaji alama mpya: tuna "Je". Kazi ya "Je" katika maandishi ni ile ile ya kiulizo cha Kihispania kilichopinduliwa, kumwandaa msomaji kabla hajaanza. Ndiyo maana katika jumbe za simu "Je umefika" hueleweka hata bila alama yoyote, ilhali "umefika" bila kiulizo huleta majibu ya ajabu. Waandishi wengi wa habari huikimbia "Je" wakiiona ya kitabuni, nami naona wanaacha kifaa kizuri kikae kabatini. Swali refu bila "Je" ni uonevu kwa anayesoma.

Lugha zilizochukua alama za Ulaya kwa hiari yake zilichukua kwa kuchagua. Mwaka 1912 Ahmad Zaki alichapisha Misri pendekezo la alama za Kiarabu. Mkato na kiulizo viligeuzwa vielekee upande ambao maandishi yanaelekea, na kanuni za herufi kubwa zikaachwa kwa kuwa Kiarabu hakina herufi kubwa. China ilipitisha mfumo wake mwaka 1920, na leo una nukta ya duara na mkato wa pekee wa kutenganisha vitu katika orodha, tofauti na mkato wa kutenganisha vishazi. Kiamhari kina nukta zake nne za kufunga sentensi na Kithai hutenga sentensi kwa nafasi tupu. Kiswahili cha herufi za Kilatini kilipewa alama zote kwa pamoja katika karne ya 19, mikononi mwa wamisionari, na hakuna aliyekaa kuuliza ipi inatufaa na ipi haitufai.

Kabla ya hapo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika tenzi na mashairi kazi ya kutua ilifanywa na vina na mizani. Tungo hizo zilipohamishiwa herufi za Kilatini, wahariri walizitia mikato, nao hapo walifanya jambo la busara bila kulitangaza. Tazama mshororo wa namna hii:

Mkato naweka hapa, kipande kipate koma,

Mikato yote miwili imewekwa kwa ajili ya vipande, wa kwanza baada ya mizani 8 na wa pili baada ya 8 nyingine, na ubeti mzima hufungwa kwa nukta hata kama sentensi iliisha mshororo wa pili. Msahihishaji wa Kiingereza angefuta nusu yake. Msomaji wetu anaimba akipita juu yake na haoni tatizo. Huo ni uakifishaji wa Kiswahili wa kweli, wenye kanuni yake na historia yake, na mpaka leo unafundishwa kama sehemu ya ushairi tu, kana kwamba nathari haina pumzi.

Alama nyingine nazipita haraka. Alama za kunukuu kila taifa lina zake: Wafaransa pembe mbili zenye nafasi ndani, Wajerumani ya kwanza chini na ya pili juu, Wamarekani huingiza mkato ndani ya nukuu na Waingereza huuacha nje. Chagua mtindo mmoja ushikamane nao. Katika tarakimu, hata hivyo, usicheze: 1.500 ni elfu moja na mia tano Ujerumani, ni moja na nusu Uingereza. Mkutano mkuu wa vipimo na mizani uliamua mwaka 2003 kwamba nukta na mkato vyote viwili vinakubalika kutenga desimali, na kwamba maelfu yatengwe kwa nafasi tupu. Ni uamuzi wa kidiplomasia ambao benki nyingi duniani hazijauona.

Nabaki na ritifaa. Kwa Kiingereza ilikuja kutoka Kifaransa katika karne ya 16, ionyeshe herufi iliyoachwa, kisha ikajitwalia kazi ya umilikishi na kuwaletea Waingereza fujo isiyokwisha. Bodi ya majina ya kijiografia ya Marekani imekuwa ikiikataa kwenye majina ya mahali tangu ilipoundwa mwaka 1890, ikiruhusu machache mno, kwa mfano Martha's Vineyard. Mwingereza anaweza kuiacha na bado akaeleweka. George Bernard Shaw aliiacha kwenye maneno mengi na tamthilia zake zikachezwa.

Kiswahili hakiwezi kuiacha. Katika "ng'ombe" ritifaa haionyeshi herufi iliyoachwa wala mali ya mtu. Ni sehemu ya herufi, kama mkia wa q. Iondoe, sauti inabadilika: "ng'oa" na "ngoa" ni maneno mawili tofauti, la kwanza la mkulima na la pili la mshairi wa mapenzi. Tatizo ni kwamba kompyuta zilifundishwa kazi yake na Kiingereza. Kwa programu nyingi ritifaa ni alama ya kunukuu iliyopotea njia. Kikagua tahajia hukata neno hapo na kupiga mstari mwekundu chini ya vipande vyote viwili. Fomu za mtandaoni huyakataa majina yenye ng' sawa na zinavyomkataa O'Brien, kwa sababu katika lugha ya hifadhidata alama hiyo hufunga matini, na waandaaji wavivu huona rahisi kuipiga marufuku kuliko kuishughulikia. Juu ya hayo, programu ya kuandikia huikunja ritifaa iliyonyooka ikawa iliyopinda, na kwa mashine hizo ni herufi mbili tofauti kabisa.

Suluhisho lipo kwenye orodha ya Unicode (orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta) tangu zamani: ritifaa maalumu inayohesabiwa kuwa herufi, yenye namba U+02BC, iliyowekwa kwa ajili ya lugha ambazo alama hii ni sehemu ya alfabeti. Karibu hakuna anayeitumia kwa Kiswahili, kwani haimo kwenye baobonye (kibodi), na baobonye inafuata Kiingereza. Wanaotengeneza vibodi vya simu vya Kiswahili wangeweza kuiweka kwa kazi ya siku moja. Kwa sasa, anayetafuta ng'ombe ndani ya faili lake mwenyewe atafute mara mbili, kwa ritifaa iliyonyooka na kwa iliyopinda, na mara ya tatu bila ritifaa, maana mtu wa kuchapa huenda alikata tamaa.